Siku ya bustani na binti yako mkubwa, mvua za Tabora zikianza: mwongozo kamili

Mwezi wa tisa, ukitoka mjini Tabora kuelekea Sikonge au Urambo, miombo huwa imeshaanza kutoa majani mapya mekundu ilhali ardhi bado ni vumbi tupu. Sisi wenye majembe husubiri Novemba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na wiki mbili tatu za mwanzo ndizo zenye raha kuliko zote: udongo umelainika, magugu hayajashika kasi, uyoga unauzwa barabarani na maembe yanaanza kuiva. Kama una binti anayefanya kazi mbali, Dar es Salaam au Mwanza au Dodoma, na anapata siku chache za kuja nyumbani, mwombe aje wakati huo. Krismasi nyumba hujaa mashangazi na watoto, watu wanakula na kucheka, lakini mama na binti hawapati hata nusu saa ya peke yao.

Mwongozo huu ni wa bustani ya nyuma ya nyumba, ile ya matuta manne matano na mti mmoja au miwili. Mimi naotesha miche na kuiuza hapa Ipuli, mjini Tabora, kwa hiyo kila msimu ukianza naona wazazi wakija na mabinti zao kuchagua miche. Wale ambao siku yao huwa nzuri hutambulika mapema: kazi nzito wameshaimaliza kabla binti hajashuka kwenye basi, wamebakiza ile ya kukaa watu wawili tuta likiwa katikati. Mtu mzima aliyesafiri usiku kucha hakuja kuwa kibarua. Mzazi anayemkabidhi jembe atifue robo eka, jioni atabaki na binti anayeumwa mgongo na aliyelala tangu saa moja.

Siku ichaguliwe na udongo

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla ya Novemba, na redio huusoma. Usikilize, ila ukumbuke kwamba ni wa eneo kubwa, na bustani yako ina habari zake. Mvua ya Oktoba inayopiga nusu saa na kuacha harufu tamu ya vumbi isikudanganye. Chimba kwa jembe sehemu mbili tatu. Unyevu ukiwa umeshuka karibu sentimita 20, yaani kama shubiri moja, unaweza kupanda. Ukiwa umeishia juu juu, mbegu itaota, jua la siku tano litaichoma, na utanunua nyingine.

Halafu jaribu kwa ngumi. Chota udongo wa chini kidogo, ufumbate, kisha fungua kiganja. Udongo wetu mwingi ni wa kichanga: ukishikana kidogo na kuvunjika ukiugusa kwa kidole, uko tayari. Walio bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa mpunga, wawe na subira zaidi. Ukinata mkononi, acha siku mbili. Kuulima ukiwa umelowa huzaa mabonge ambayo yakikauka hayavunjiki hata kwa nyundo.

Kwa sababu hiyo usimpe binti tarehe moja. Mpe wiki mbili, tuseme kati ya tarehe 10 na 25 Novemba, apange na kazini kwake, nawe umthibitishie siku tatu kabla ukishaona unyevu. Mvua ikiwanyeshea siku yenyewe, zipo kazi za barazani, nitazitaja.

Kazi ya kumaliza kabla hajafika

Cha kwanza ni kitalu. Nyanya chungu, au ngogwe, hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, kwa hiyo sia mbegu mwanzoni mwa Oktoba ili Novemba uwe na miche. Kitalu kiwe na kichanja cha nyasi kwa juu, na kinyunyiziwe asubuhi na jioni. Kama umechelewa, nunua. Ukinunua, chagua mche mfupi wenye shina nene na majani ya kijani. Mche mrefu mwembamba ulikosa mwanga, na ule uliokwisha kutoa maua ukiwa bado kitaluni umezeeka. Muuzaji atakusifia maua hayo, mwache nayo.

Cha pili ni samadi. Kichanga hupitisha maji haraka na rutuba huenda nayo, ndiyo maana bustani za hapa huishi kwa samadi kuliko mbolea ya dukani. Weka debe moja kwa kila mita moja hadi mbili za mraba, uichanganye na udongo wa juu. Hakikisha imeoza. Ingiza mkono katikati ya lundo: ikiwa na joto na harufu kali inayochoma pua, bado, itaunguza mizizi. Iliyoiva ni ya baridi, nyeusi, inapukutika, na harufu yake ni ya udongo wa msituni. Samadi ya kuku ni kali zaidi, tumia nusu ya kiasi hicho au pungufu.

Kisha matuta. Upana uwe mita moja, urefu mita tatu au nne, njia ya kupita sentimita 50. Upana huo una sababu: mtu aliyechuchumaa upande mmoja hufika katikati kwa mkono bila kukanyaga tuta, na mwenzake wa upande wa pili naye hufika. Mnafanya kazi mkiwa mmeelekeana, macho yakiwa chini kwenye udongo. Kuna maneno binti hawezi kuyasema mkitazamana sebuleni, lakini hapo huyasema huku akifukia mbegu. Ukipanua tuta hadi mita moja na nusu, mmoja wenu atalazimika kuingia katikati na kulishindilia. Kwa mvua za masika yetu linyanyue sentimita 15 hadi 20. Wakati wa kiangazi fanya kinyume, uso wa tuta uwe chini kidogo ya usawa wa njia ili maji yasikimbie.

Sasa tumbaku. Tuko Tabora, kwa hiyo lazima niseme. Kama eneo lako lililimwa tumbaku mwaka jana, usipande hapo nyanya, nyanya chungu, biringanya wala pilipili. Ni za ukoo mmoja na tumbaku na hushirikiana magonjwa. Minyoo fundo hubaki udongoni na kuhamia kwenye mizizi ya nyanya; ukiung'oa mche uliodumaa utaona mizizi ina vinundu vinundu. Hapo panda karanga kwanza. Pia kuna virusi vya batobato ya tumbaku, ambavyo husafiri kwa mikono. Aliyeshika majani ya tumbaku, au anayevuta sigara, anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Mjomba anayekuja "kusaidia" na sigara mdomoni, mpeleke kwenye uzio.

Uzio ni wa kuzuia kuku. Kuku watatu wa jirani huweza kuharibu tuta la mchicha kabla chai haijapoa. Miiba, matete, wavu mkuukuu wa samaki, chochote kinachofika kiunoni na kisicho na pengo chini.

Shimo la mti nalo lichimbwe mapema, sentimita 60 kila upande na kwenda chini, na udongo wa juu uwekwe upande wake, wa chini upande wake. Ajiri kijana wa kuchimba ikiwa mgongo hauruhusu. Mwisho kagua mipini ya majembe. Jembe linalocheza kwenye mpini huchosha mtu maradufu, na binti ambaye viganja vyake vimezoea kompyuta atapata malengelenge saa ya kwanza. Mtafutie jembe dogo la palizi.

Panda kwa tarehe atakayorudi

Wengi huuliza kwanza, "Nipande nini?" Mimi humuuliza mtu, "Binti yako atarudi lini tena?" Bustani ambayo mazao yake yote yatavunwa yeye akiwa hayupo humgeuza kuwa mpita njia.

Kama mnapanda katikati ya Novemba naye atarudi Krismasi, mchicha wa siku hiyo utakuwa umeshaliwa, kwani huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Basi pandeni tuta moja pamoja sasa, na wewe urudie tuta jingine mwishoni mwa Novemba, ndilo la Krismasi. Mgagani pia huenda na tarehe hiyo, na kwa watu wa kwetu hakuna mboga inayomkumbusha mtu nyumbani kuupita, hasa ukiungwa kwa karanga. Ladha yake ina uchungu kidogo. Binti aliyeukataa akiwa darasa la tatu huja kuuomba akiwa na miaka thelathini. Matembele huanza kuchumwa baada ya wiki nne hadi sita, kisha yanaendelea.

Akirudi Januari au Februari, weka bamia, maana huanza kuvunwa karibu siku 50 hadi 60. Nyanya chungu nazo zitakuwa zimeanza. Mistari miwili ya mahindi ya kuchoma pembeni itaangukia Februari.

Nyanya za kawaida nakushauri uziache msimu wa mvua nyingi. Ukungu wa majani huzishambulia mno, utabaki kupiga dawa kila wiki, nazo hazitakushukuru. Zipande mwishoni mwa mvua.

Halafu kuna mti, ambao ni wake peke yake. Achague yeye kati ya mpapai na mwembe wa kubebeshwa, yaani ule wa aina nzuri uliounganishwa juu ya shina la mwembe mwingine. Mpapai huanza kuzaa ndani ya mwaka au kupita kidogo. Mwembe wa kubebeshwa huchukua miaka mitatu hadi minne. Tabora ina miembe mikubwa iliyozeeka kila mtaa, kwa hiyo asiyekuwa na nafasi ya kutosha asijisumbue na mwingine. Mwembe unahitaji mita nane hadi kumi kutoka mti hadi mti. Kwa viwanja vya siku hizi mpapai ndio wenye akili, nao huhitaji mita mbili na nusu tu.

Usiku wa kufika

Kazi ni moja, ya dakika tano: kuloweka mbegu za bamia kwenye maji ya uvuguvugu hadi asubuhi. Mwachie aloweke yeye. Zitakazoelea asubuhi zitupwe. Mengine yote subirini, ale, aoge, alale.

Alfajiri: mbegu ndogo

Saa kumi na mbili na nusu kuna mwanga wa kutosha na ubaridi. Shikamoo, marahaba, chai ya haraka na viazi vitamu vya kuchemsha, mko nje. Huku kwetu magharibi jua huchelewa kuchomoza na huchelewa kutua, kwa hiyo saa nzuri za asubuhi ni hadi saa nne na nusu.

Anzeni na mchicha na mgagani, kwa sababu mbegu zake zinataka mikono isiyochoka. Sawazisheni tuta kwa reki, vunjeni mabonge. Chora vifereji kwa kijiti kukata upana wa tuta, sentimita 20 hadi 30 kati ya kimoja na kingine, kina kisizidi nusu sentimita au moja. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, ukizimwaga hivi hivi zitaanguka zote mahali pamoja.

"Mama, hii nayo ni mbegu au vumbi?"

"Ndiyo maana tunaichanganya na mchanga, mama. Kijiko kimoja cha mbegu, mchanga mkavu kikombe kimoja."

Changanyeni na majivu kidogo pia, kupunguza sisimizi wanaobeba mbegu. Mmoja amwage mchanganyiko kwenye kifereji kwa ncha za vidole vitatu, mwingine afuate akifukia kwa kiganja kilicholala, akigandamiza kidogo tu. Baada ya tuta moja badilishaneni. Nyunyizeni kwa keni yenye kichwa cha matundu madogo. Kama hamna, toboeni kifuniko cha chupa ya maji kwa msumari wa moto. Maji ya kumwaga kwa ndoo yatazikusanya mbegu zote chini ya tuta.

Mkimaliza, fukieni bamia: mashimo ya sentimita mbili, mbegu mbili kila shimo, sentimita 30 kati ya shimo na shimo, 60 kati ya mstari na mstari. Hii ni kazi ya dakika chache.

Maongezi ya asubuhi yawe ya kazi iliyo mkononi. Mwulize kama anakumbuka wapi palikuwa na mti wa mpera, au wanalipa kiasi gani kwa fungu la mchicha huko anakokaa. Swali la ndoa liache ndani ya nyumba, na ikiwezekana liache kabisa hadi atakapolileta mwenyewe. Akinyamaza muda mrefu, nyamaza naye, endelea kufukia. Mama wengi hujaza kila kimya kwa habari za nani kafariki na nani kajenga, halafu wanashangaa binti kashika simu.

Matembele

Hapa mwachie aongoze. Kata mbegu za matembele, yaani vipande vya mmea, kutoka ncha za mashina yenye afya, urefu wa sentimita 30 hivi. Shina la chini lililokomaa sana huchelewa. Ondoa majani nusu ya chini. Zika vifundo vitatu au vinne kwa mlalo kidogo, ncha ibaki juu, sentimita 25 hadi 30 kutoka kipande hadi kipande. Mizizi hutoka kwenye vifundo, kwa hiyo kipande kilichozikwa kifundo kimoja tu kitanyauka. Vipande vilivyokatwa jana na kulazwa kivulini ncha zikiwa na unyevu havina shida, vingine hushika vizuri zaidi.

Akipanda kwa mistari iliyopinda, yaache hivyo hivyo. Usipite nyuma yake ukinyoosha. Nimeona mama akifanya hivyo mbele ya binti ambaye ni mhasibu mkuu wa kampuni, na uso wa binti ukarudi kuwa wa mtoto wa miaka tisa aliyegombezwa.

Mti wake

Mkiwa na nguvu bado, kabla ya saa nne na nusu, fanyeni hili. Changanyeni udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, mjaze shimo kwanza kwa mchanganyiko huo. Udongo wa chini, ule mwepesi kwa rangi, uwe wa mwisho au utengeneze kingo.

Kwa mpapai, pandeni miche mitatu kwenye shimo hilo moja, sentimita 30 kutoka mmoja hadi mwingine, maana mche mchanga hauonyeshi kama ni dume au jike. Mwagilieni kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa mche, kwanza ili udongo ushikane, pasueni plastiki kwa wembe kutoka juu hadi chini na kuitoa yote. Kuna watu hupasua kitako tu na kuacha plastiki ikizunguka mizizi. Mti huo utaishi kwa shida na ukianguka kwa upepo mtaiona plastiki bado ipo. Mche ukae kwenye kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye kiriba. Inueni udongo uwe na mgongo kidogo kuzunguka shina, kwani mpapai ukisimama kwenye maji huoza kitako ndani ya siku chache. Walio kwenye udongo wa mbuga watengeneze kilima kabisa.

Kwa mwembe, kidonda cha kubebeshea kibaki juu ya ardhi kwa kiganja kizima. Chipukizi lolote litakalotoka chini ya kidonda hicho livunjwe kila mara, maana hilo ni la shina mama, likiachwa litaiua ile aina nzuri mliyolipia.

Majani makavu msiyarundike kwenye shina. Tabora ni nchi ya mchwa. Matandazo tunayahitaji, bila hayo kichanga hukauka kati ya mvua na mvua, lakini yawekwe mbali na shina kwa shubiri moja, na duara hilo tupu linyunyiziwe majivu. Mti unaokosa maji ndio mchwa huuandama kwanza, kwa hiyo maji ni dawa pia. Kwenye matuta ya mboga tumieni nyasi au pumba za mpunga, unene wa vidole viwili, baada ya mbegu kuota.

Mchana

Kuanzia saa tano hadi saa tisa na nusu tokeni juani. Mche ukipandikizwa saa hizo hufa, na binti naye hana raha.

Kama mnataka uyoga, ununueni kwa mama mnayemfahamu, anayeuza kila mwaka. Msiokote wenyewe msituni kama hakuna mzee anayeujua kwenye msafara. Upo uyoga unaofanana na ule mzuri na unaua, na hakuna namna ya kuutambua kwa kijiko cha fedha wala kwa kitunguu, hayo ni maneno ya mitaani. Uchambueni pamoja, mkitoa mchanga kwa maji matatu, uungwe kwa karanga zilizotwangwa, na ugali na mlenda pembeni. Huo uchambuzi wa uyoga na umenyaji wa karanga ndizo zile kazi za barazani nilizosema. Mvua ikinyesha ndizo zitakazookoa siku. Kuchagua mbegu ni nyingine: mwageni mbegu za maboga au kunde za mwaka jana kwenye ungo, mtoe zilizotobolewa na wadudu.

Habari nzito, kama ipo, mara nyingi huja hapa, kwenye ungo. Kazi ya mikono isiyotaka akili huwapa watu ruhusa. Ukiisikia, usiache kazi na kumkodolea macho. Endelea kuchambua na uulize polepole.

Baba mtu akiwepo, muda huu ndio wa kumwita. Wengi wao huja bustanini na amri, lakini kwenye ungo wa karanga hukaa na kusimulia.

Jioni: miche

Saa kumi jua likilegea, pandikizeni nyanya chungu. Mwagilieni kitalu saa moja kabla. Ng'oeni mche kwa kijiti kutoka chini, ubebeke na udongo wake, msiuvute kwa shina. Mashimo yawe sentimita 60 hadi 75 kutoka moja hadi jingine. Gandamizeni kwa vidole viwili kila upande, kisha kila mche upate maji kama nusu lita hata kama mawingu yanaonekana.

Adui wa usiku wa kwanza ni sota. Ni funza mnene wa kijivu anayejikunja akiguswa, hukaa udongoni mchana na usiku hukata shina usawa wa ardhi. Asubuhi unakuta mche umelala kando umekatwa safi. Njia rahisi ni kufunga ukanda wa gazeti kuzunguka shina, sentimita tano juu ya ardhi na mbili chini yake, bila kukaza. Hapo ni kazi ya watu wawili kweli: mmoja anashika mche na kufunga, mwingine anafukia. Mche uliokatwa usiuonee huruma, fukua udongo kuuzunguka kwa kina cha kidole. Sota huwa hajaenda mbali.

Osheni majembe, yasimame ukutani. Mambo mengine ni ya kesho.

Mzigo wa safari na picha za simu

Asubuhi ya kuondoka mkatie vipande kumi na vitano vya matembele. Vitolewe majani yote isipokuwa mawili matatu ya nchani, vifungwe kwa gunia au gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, kisha viwekwe kwenye mfuko ulio wazi juu. Mfuko wa plastiki uliofungwa huvipika ndani ya basi. Vitavumilia siku mbili tatu. Huko anakokaa, hata kama ni ghorofa ya tatu, ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu sita kitakoni hutosha vipande vitatu, ikae mahali penye jua la nusu siku, imwagiliwe kila siku.

Wewe ukibaki, mchicha utaota ndani ya siku tatu hadi tano. Wiki ya pili upunguze, vitoto vilivyong'olewa ni mboga ya siku hiyo. Palizi ya kwanza usiipitishe wiki ya tatu, maana magugu ya Desemba hukua usiku. Bamia zilizoota mbili shimo moja, bakiza lililo nene. Kati ya Januari na Februari mvua huweza kusimama siku kadhaa mfululizo. Hapo ongeza matandazo na urudi kwenye keni.

Mtumie picha, ila zisiwe za kumjulisha tu. Mtumie zinazotaka uamuzi wake: majani haya yametobolewa, nifanye nini, matembele yamefika njiani, niyakate au niyaache? Mpapai utakupa swali kubwa kuliko yote, karibu miezi sita baadaye, utakapotoa maua. Maua ya dume ni madogo mengi, yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Ya jike ni makubwa, yamekaa peke yake au mawili matatu karibu kabisa na shina, na kitako chake kimevimba. Piga picha za miche yote mitatu kwa karibu, umwache achague jike lenye shina nene zaidi, na mingine ukate yeye akiwa kwenye simu. Kama jirani hana dume hata mmoja, mwambie kabla hajachagua, kwa sababu hapo itabidi dume mmoja aingizwe kwenye uamuzi wake: abaki pembeni ya shimo, au upandwe mwingine nyuma ya choo.